Dubu wa Dukani na Dubu wa Jaani: Miji ya Watalii Inayomuuza Mnyama Isiyeweza Kumfuga

Gatlinburg ni mji mdogo katika jimbo la Tennessee, kusini-mashariki mwa Marekani. Wakaazi wake wa kudumu hawafiki 4,000, lakini mlangoni pake ipo Mbuga ya Taifa ya Great Smoky Mountains, inayotembelewa kuliko mbuga nyingine zote za taifa nchini humo. Kila mwaka mamilioni ya watu huingia humo, na wengi wao hupitia Gatlinburg au mji jirani wa Pigeon Forge. Humo milimani huishi dubu weusi wapatao 1,900.

Mtu akitembea barabara kuu ya Gatlinburg ataona dubu kila upande. Wapo waliochongwa kwa mbao wakikaribisha wageni mlangoni, wapo waliochorwa kwenye fulana, magi, sumaku za friji, mazulia ya mlangoni na hata vishikio vya karatasi za chooni. Kuna hoteli iitwayo Bearskin Lodge, yaani Ngozi ya Dubu, na huko Pigeon Forge kuna duka lililopewa jina la dubu watatu wa ile hadithi ya watoto. Kisha jua likitua, na mara nyingine hata mchana kweupe, dubu wa kweli hushuka mlimani, akakata barabara hiyo hiyo mbele ya magari, akaenda zake kupekua pipa la taka nyuma ya mkahawa wenye picha yake.

Makala haya yaeleza jinsi dubu alivyogeuka bidhaa, kwa nini yeye mwenyewe huja mjini, na miji iliyo jirani naye imejifunza nini. Sisi wa Pwani hatuna dubu. Lakini tuna watalii, tuna majaa, na tuna wanyama waliozoea meza za mahoteli.

Dubu ni mnyama gani

Jina dubu limetufikia kutoka Kiarabu, dubb. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walilijua neno hilo angani kabla ya kumwona mnyama mwenyewe: nyota iitwayo Dubhe, mojawapo ya zile saba za upande wa kaskazini zinazofanana na upawa, imepata jina lake kwa dubu huyo huyo.

Leo Afrika haina dubu wa mwituni hata mmoja. Aliyekuwapo ni dubu wa milima ya Atlas, huko Morocco na Algeria, naye alitoweka katika karne ya 19. Kwa hivyo wengi wetu twamjua dubu kwa vitabu vya watoto na katuni tu, na katuni hizo humfanya aonekane mpole kuliko alivyo.

Amerika Kaskazini ina aina tatu za dubu. Dubu mweusi ndiye mdogo na ndiye mwenye idadi kubwa zaidi. Dubu wa kahawia, ambaye bara ndani huitwa grizzly, ni mkubwa na mkali zaidi. Wa tatu ni dubu mweupe wa barafuni, anayeishi kwa kuwinda sili. Wa Gatlinburg ni mweusi. Dume huwa na kilo 110 hivi wakati wa kiangazi, na jike kilo 45 au zaidi kidogo. Ikikaribia baridi, uzito huo unaweza kuongezeka maradufu. Hupanda miti upesi, na akitimua mbio hufikia kilomita 48 kwa saa, kwa hivyo hakuna mtu wa kumshinda kwa miguu.

Pamoja na nguvu zote hizo, chakula chake kwa sehemu kubwa ni mimea: matunda ya porini, majani machanga, mizizi, na mbegu za miti kama mwaloni. Nyama na wadudu ni kitoweo tu. Kwa kawaida humkwepa mtu. Mbuga ya Great Smoky Mountains ilianzishwa mwaka 1934, na mtu wa kwanza kuuawa humo na dubu alikuwa mwanamke mmoja aliyeshambuliwa Mei 2000.

Sura ya dubu ilivyoingia sokoni

Biashara ya sura ya dubu ina mwanzo unaojulikana. Novemba 1902, Rais Theodore Roosevelt wa Marekani alikwenda kuwinda katika jimbo la Mississippi. Siku zilipita bila yeye kupata dubu. Kiongozi wa msafara, Holt Collier, mwindaji hodari aliyezaliwa mtumwa, akamkamata dubu mmoja na kumfunga kwenye mti ili Rais ampige risasi. Roosevelt akakataa, akasema kumpiga mnyama aliyefungwa si uwindaji.

Mchoraji Clifford Berryman alikichora kisa hicho katika gazeti la Washington Post. Huko Brooklyn, mwenye duka Morris Michtom na mkewe Rose wakashona dubu wa kitambaa, wakampa jina la utani la Rais: Teddy. Wakati huo huo kiwanda cha Steiff huko Ujerumani kilikuwa kikitengeneza dubu wake, na mwaka 1903 kikapata oda ya 3,000 kutoka kwa mnunuzi wa Marekani. Tangu hapo dubu wa kitambaa amelala na watoto wa dunia nzima, wa Mombasa na Lamu wakiwamo.

Sehemu moja ya kisa hicho haikuingia kwenye katuni. Yule dubu wa Mississippi hakuachiliwa. Alikuwa ameumia, na Roosevelt aliamuru amalizwe kwa kisu. Picha ilibaki na dubu aliyesamehewa, na dubu mwenyewe alikufa.

Roosevelt huyo huyo si mgeni kwetu. Baada ya kuondoka madarakani aliteremka Mombasa, Aprili 1909, akapanda gari la moshi la Reli ya Uganda kuelekea bara kuwinda. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 katika safari hiyo, wakiwamo simba, ndovu na vifaru. Bwana aliyewapa watoto dubu wa kukumbatia alipita kwetu na bunduki.

Siku hizi biashara ya dubu imetanuka. Kampuni ya Build-A-Bear, iliyoanzishwa na Maxine Clark mjini St. Louis mwaka 1997, humwachia mtoto ajaze pamba dubu wake mwenyewe dukani na kumvisha nguo. Mikahawa ya Black Bear Diner ilianza mwaka 1995 katika mji wa Mount Shasta, California, na sasa imeenea katika majimbo mengi. Mlangoni pa kila mkahawa husimama dubu wa gogo aliyechongwa kwa msumeno wa injini, na ndani orodha ya vyakula huchapishwa kama gazeti la zamani.

Uchongaji huo umekuwa kazi ya watu wengi katika miji ya milimani. Fundi husimama kando ya barabara na gogo lake, watalii wakamzunguka, na baada ya muda dubu akatokea. Aliyewahi kufika kwa wachongaji wa Akamba pale Changamwe atauelewa uchumi wake: gogo moja, mkono mmoja, na mgeni anayetaka kurudi kwao na kumbukumbu ya mnyama aliyemwona, au aliyetamani kumwona.

Hakuna ubaya katika hilo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Shida huanza pale mgeni anapoona dubu wa mbao hamtoshi, akamtaka wa kweli aje karibu na kibaraza.

Kwa nini dubu huja mjini

Dubu huja mjini kwa sababu ya tumbo. Wakati wa baridi hulala shimoni kwa miezi, na huko Great Smoky Mountains wengi hulala ndani ya mashina ya miti yenye uwazi, juu kabisa kutoka ardhini. Muda huo wote hali kitu. Kwa hivyo msimu wa majani kupukutika ukifika, hula kama aliyefunguliwa baada ya saumu ndefu. Katika wiki hizo dubu anaweza kutafuta kalori 20,000 kwa siku, ilhali mtu mzima hutosheka na 2,000 na ushei.

Chakula kikuu cha msimu huo ni mbegu za mwaloni, na miti hiyo haizai sawa kila mwaka. Ikizaa vizuri, dubu hukaa mlimani. Isipozaa, hushuka. Pua yake hunusa chakula kutoka mbali mno, na mjini kuna harufu za kila aina: mafuta ya kukaangia, mabaki ya nyama choma, chakula cha paka barazani, mbegu za kulishia ndege, na juu ya yote, taka.

Kisha kuna ramani yenyewe. Gatlinburg imekumbatiwa na mbuga, na nyumba za mbao za kukodisha zimepanda vilimani hadi msituni. Mgeni anayekaa siku tatu hajui desturi za mahali. Huacha mfuko wa taka nje usiku, huacha keki ndani ya gari. Dubu wa huko wamejifunza kuvuta kitasa cha gari. Mlango ukijifunga nyuma yake, hushindwa kutoka, na kwa hofu huchanachana viti, dari na kila kilichomo. Septemba 2023 dubu mmoja aliingia nyuma ya kaunta ya kibanda cha vyakula katika kiwanja cha burudani cha Anakeesta, papo hapo Gatlinburg, akakutana uso kwa uso na mfanyakazi, aliyepata majeraha madogo.

Dubu mama huja na wanawe, na hapo ndipo tatizo hurithiwa. Mtoto aliyeonyeshwa pipa la taka akiwa na miezi michache hulihesabu pipa hilo kuwa sehemu ya msitu wake.

Walipowalisha kwa tiketi

Kuna wakati Wamarekani waliyafanya haya kwa makusudi. Katika mbuga ya Yellowstone, mahoteli yalimwaga mabaki ya jikoni jaani, dubu wakaja kula, na watalii wakawekewa viti vya kukaa kutazama kama uwanja wa mpira. Maonyesho hayo yalikoma miaka ya 1940. Hata hivyo majaa yalibaki, na kando ya barabara dubu waliendelea kuomba chakula kwenye madirisha ya magari, na watu wakaendelea kuwapa.

Hesabu ya matokeo ipo. Kati ya mwaka 1931 na 1969, dubu wa Yellowstone walijeruhi watu 48 kwa wastani kila mwaka, na kuharibu mali mara zaidi ya 100. Mbuga ikaamua kuyafunga majaa. Wanasayansi ndugu wawili, Frank na John Craighead, walionya kwamba kuyafunga ghafla kutawaponza dubu waliokwisha kulizoea jaa. Yakafungwa. Dubu wengi wa kahawia wenye njaa wakaingia kambini na mijini, wakauawa. Mwaka 1975 dubu hao waliwekwa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini.

Mnyama alifundishwa tabia na watu, kisha akahukumiwa kwa tabia hiyo. Walinzi wa mbuga huko wana msemo wao: dubu aliyelishwa ni dubu aliyekufa. Idara ya mbuga za taifa yasema dubu mweusi huweza kuishi miaka 12 hadi 15 au zaidi, lakini aliyezoea chakula cha watu huishi nusu ya hiyo. Wengine hugongwa na magari, wengine humeza plastiki na vifungashio, na wengine hupoteza hofu hadi wakapigwa risasi na serikali.

Watu wengi huuliza, kwa nini wasihamishwe mbali? Huhamishwa. Lakini dubu ana kumbukumbu ya njia, na wengi hurudi. Asiporudi, huenda akaanza mambo yale yale katika mji mwingine, au akauawa na dubu wenyeji wa huko alikopelekwa.

Hank wa Tahoe

Kisa cha South Lake Tahoe, California, chaonyesha jinsi watu wanavyoweza kumpenda dubu na wasimjue. Mwaka 2022 zilienea habari za dubu mkubwa wa kilo 220 na ushei aliyekuwa akivunja nyumba za watu kutafuta chakula. Wakampa jina Hank the Tank, yaani Hank Kifaru cha Vita. Ilipozungumzwa habari ya kumuua, watu wengi wakamtetea. Vipimo vya vinasaba vikaonyesha kwamba Hank hakuwa dubu mmoja: uhalifu wake ulifanywa na dubu watatu au zaidi.

Agosti 2023 mmoja wao akanaswa, naye alikuwa jike mwenye watoto watatu. Alihusishwa na kuvunja nyumba zisizopungua 21. Hakuuawa. Alipelekwa katika makao ya wanyama jimboni Colorado. Hiyo ni bahati ya dubu mwenye jina. Wasio na jina hawapelekwi popote, na magazeti hayaandiki habari zao.

Churchill, mji wenye jela ya dubu

Kaskazini mwa Kanada, ukingoni mwa Ghuba ya Hudson, upo mji wa Churchill wenye watu 900 hivi. Kila mwaka, mwezi wa Oktoba na Novemba, dubu weupe hukusanyika hapo kungoja bahari igande ili waende kuwinda sili. Watalii huja kuwatazama kwa magari marefu yenye magurudumu makubwa, na mji umejiita makao makuu ya dubu weupe duniani. Biashara nyingi hapo hubeba sura yake.

Lakini Churchill hawamchezei. Wenyeji wengi huacha magari bila kufunga, ili anayekutana na dubu njiani apate pa kukimbilia. Jaa la wazi la mji lilifungwa, na taka zikawekwa ndani ya jengo. Ipo simu ya kupiga saa zote dubu akionekana, na usiku wa tarehe 31 Oktoba, watoto wanapopita nyumba kwa nyumba kuomba peremende, askari wa wanyamapori hupiga doria mitaani.

Dubu anayekaidi huwekwa kizuizini. Jengo hilo, ambalo zamani lilikuwa la jeshi, lina vyumba 28. Humo dubu hupewa maji lakini hapewi chakula. Mtu anaweza kuona huo ni ukatili, lakini sababu yake ni nyepesi: akilishwa, atarudi. Barafu ikishika, huachiliwa, au hubebwa kwa helikopta akiwa amelala kwa sindano na kupelekwa kaskazini.

Churchill ina mzigo mwingine ambao mapipa hayawezi kuutatua. Barafu ya Ghuba ya Hudson huchelewa kushika na huwahi kuyeyuka kwa sababu ya joto la dunia. Dubu wa upande huo wa ghuba walikadiriwa kuwa 1,200 hivi katika miaka ya 1980, wakawa 842 mwaka 2016, na 618 mwaka 2021. Kadiri siku za nchi kavu zinavyoongezeka, ndivyo wenye njaa wanavyozidi kuzurura karibu na mji.

Yanayosaidia

Miji iliyofanikiwa kupunguza mikasa imefanya mambo machache, yote ya kawaida:

- Mapipa ya chuma yenye komeo ambalo mkono wa mtu hulifungua na kucha za dubu haziwezi. Gatlinburg yaagiza mapipa hayo katika sehemu zinazopakana na mbuga.
- Taka kutolewa asubuhi ya siku ya kuzoa, si usiku wa kuamkia siku hiyo.
- Chakula cha mbwa na paka kutolaza nje, na majiko ya kuchomea nyama kusafishwa baada ya kutumika.
- Mbegu za ndege kuondolewa dubu wanapoonekana mtaani.
- Milango ya magari na nyumba kufungwa kwa ufunguo.
- Sheria yenye meno. Katika mbuga ya Great Smoky Mountains, kumlisha dubu, au kumkaribia chini ya mita 45 hivi, kunaweza kumtia mtu faini ya hadi dola 5,000 na kifungo cha hadi miezi 6.

Mbuga hiyo yenyewe ilipata somo katika uwanja wake wa mapumziko wa Chimneys, ambako familia huja kula. Uwanja ulianza kufungwa mapema jioni na kusafishwa kabla ya usiku kuingia. Dubu walipokuja hawakukuta kitu, na mikasa ikapungua sana. Hawakuhitaji bunduki. Walibadilisha saa ya kufagia.

Na mtu akikutana na dubu mweusi, anashauriwa asikimbie. Arudi nyuma polepole akimtazama, asiingie kati ya mama na wanawe. Dubu akimfuata, asimame, ajifanye mkubwa na apige kelele. Asimtupie chakula hata kidogo.

Na huku kwetu

Aliyewahi kukaa Diani ameshaitambua hadithi hii. Hatuna dubu barazani, tuna kima, tumbili na nyani. Mtalii humpa kima ndizi ili apige picha. Kesho yake kima huyo huingia chumbani kupitia dirishani, hunyakua mkate mezani, na akizuiwa hutoa meno. Hapo ndipo wafanyakazi hushika manati, na mnyama aliyekuwa kivutio huwa mwizi. Shirika la Colobus Conservation, lililoanza kazi Diani mwaka 1997 na linalojulikana zaidi kwa ngazi za kamba zinazovusha mbega juu ya barabara, limekuwa likiwaomba wageni na wenyeji wasiwalishe.

Tazama na kunguru. Wale weusi wenye shingo ya kijivu waliotoka India wamejaa Mombasa, Malindi na Watamu kwa sababu majaa yamewakaribisha. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja. Sumu hupunguza ndege waliopo. Taka zikibaki wazi, zitaita wengine.

Hoteli ya Pwani inaweza kuweka kima wa mbao mapokezini, simba kwenye fulana na kasa kwenye vikombe. Hiyo ni riziki ya mchongaji, ya mshonaji na ya mwenye duka. Lakini aliye na faida ya picha ya mnyama ana deni kwa mnyama mwenyewe, na deni hilo hulipwa kwa vitu visivyopendeza kwenye picha: pipa lenye kifuniko kizito, mfanyakazi anayefuta meza mara tu mgeni anapoinuka, na kibao kinachosomeka kwa lugha ya mgeni, kinachosema usimlishe. Gatlinburg na Yellowstone walijifunza hayo baada ya kuzika dubu wengi. Sisi mapipa yetu bado yako wazi.